Je, wajua kwa nini kipimamchapuko kilichotulia mezani hakisomi sifuri?

Ukiunganisha kipimamchapuko (kihisi cha kupima mchapuko, yaani badiliko la kasi) cha kidijitali kama ADXL345, cha kampuni ya Analog Devices, kisha ukakilaza mezani, utatarajia kisome sifuri kwenye mihimili yote mitatu, maana hakiendi popote. X na Y zitakuwa karibu na sifuri kweli, lakini Z itaonyesha takriban 256. Wanaoanza hudhani wameuziwa kifaa kibovu, kumbe kinasema kweli tupu.

Ndani yake kuna kipande cha silikoni kilichoning'inizwa kwa springi, vyote vidogo mno kuonekana kwa macho. Kipande hicho kina bamba ndogo zinazokaa katikati ya bamba nyingine zisizosogea, na kwa pamoja zinakuwa kapasita, yaani kijenzi cha kuhifadhi chaji ya umeme. Kipande kikisogea hata kidogo, uwezo wa kapasita hubadilika, na saketi hugeuza badiliko hilo kuwa namba. Kwa hiyo kihisi hakijui kama unasafiri au umekaa. Kinachojua ni kiasi springi zilivyopinda. Daladala ikiondoka ghafla, mwili wako hubaki nyuma mpaka kiti kikusukume, na kipande kile nacho hubaki nyuma ya fremu yake vivyo hivyo.

Mezani, dunia inavuta kipande chini huku meza ikizuia fremu isianguke nacho. Springi zinapinda, na kwa kihisi hali hiyo haina tofauti na kusukumwa juu kwa mchapuko wa mita 9.8 kwa sekunde mraba, yaani g 1. Ukikiachia kidondoke, fremu na kipande huanguka pamoja, springi hazina cha kuzipinda, na mihimili yote hukaribia sifuri. Hapo ndipo sifuri inapopatikana: kwenye kuanguka! Baadhi ya kompyuta za mkononi zenye diski ngumu zilitumia dalili hiyo kuondoa vichwa vya kusomea juu ya diski kabla hazijagonga sakafu.

Kwa kuanza, ningechagua ESP32, kompyuta ndogo ya chipu moja itakayosoma kihisi, kwa sababu nayo hutumia volti 3.3, na ADXL345 haivumilii zaidi ya 3.6. Unganisha umeme, waya wa data (SDA) na wa mapigo ya saa (SCL), na pini ya CS iende kwenye volti 3.3 ili mawasiliano yawe ya I2C, njia inayotumia nyaya hizo mbili. Anwani ya kihisi ni 0x53 (0x huashiria namba ya msingi wa 16), au 0x1D pini ya SDO ikiwa kwenye volti 3.3. Kabla ya lolote soma rejista (kisanduku cha kumbukumbu ndani ya kihisi) namba 0x00. Isipokupa 0xE5, rudi kwenye nyaya, usihangaike na programu. Kisha andika 0x08 kwenye rejista 0x2D, kwani kihisi kikipata umeme huwa bado kimelala. Baiti sita kuanzia 0x32 ndizo vipimo vyako, mbili kwa kila mhimili, ile ya thamani ndogo ikitangulia.

Kwenye upeo wa g 2, kila hatua ni kama g 0.0039, ndiyo maana g 1 ni 256. Meza yako sasa ni chombo cha kusahihishia. Tuseme Z inasoma 262 ikiwa juu na -246 ukikipindua: wastani wake ni 8, basi toa 8 kwenye kila kipimo cha Z. Fanya hivyo kwa X na Y pia.

Mwinamo utaupata vizuri. Ila ukikizungusha kikiwa kimelala bapa, namba hazitabadilika, maana mvuto bado unatoka upande uleule. Kwa hilo utahitaji dira ya kielektroniki au jairoskopu, kihisi cha kupima mzunguko.