Kusema "hiyo ni feki, puuzeni" sio elimu ya habari

Kila nikikaa na watangazaji wa redio za jamii lazima atokee mmoja aniambie "mwalimu sisi elimu ya habari tunaifanya kila siku, uzushi ukitokea tunawaambia watu ni feki wapuuze". Jamani hapana, na hii dhana ndo inanichosha kuliko zote.

Hapo umempa msikilizaji jibu, hujampa njia ya kupima habari mwenyewe, na hiyo njia ndo elimu ya habari. Voisi nyingine ya WhatsApp ikimfikia saa nne usiku na kipindi chako kimeisha atafanya nini?

Kuna moja niliisikia mwenyewe hewani, mama anaongea kwa hofu kwamba leo asubuhi watoto wameibiwa shuleni. Mtangazaji akaicheza yote, akairudia, ndo akasema ni uzushi tukaendelea na muziki. Yaani uongo umepewa nafasi mara mbili, kanusho mara moja tena kwa haraka. Tangu 1977 watafiti Marekani walionyesha kwamba sentensi ikirudiwarudiwa mtu anaanza kuiona ya kweli hata kama ni ya uongo, na mtu anayesikiliza redio huku anafua kinachombaki kichwani ni ile sauti ya mama inatetemeka.

Mimi nawaambia hivi. Anza na ukweli: tumepiga simu shule zote za hapa, hakuna mtoto aliyepotea. Halafu cheza sekunde chache tu, pale anaposema "leo asubuhi", uwaulize watu, leo ipi? Voisi haina tarehe ndani yake, ikifowadiwa mwakani bado itakuwa leo asubuhi. Shule hajaitaja. Mtaa hajautaja. Juu ya meseji kuna mishale miwili, WhatsApp wanaiweka kwa meseji iliyopita kwenye mlolongo wa kufowadiwa mara tano au zaidi tangu kwa aliyeituma mwanzo, kwa hiyo aliyekutumia siye aliyerekodi na ukimuuliza hajui chochote. Kisha mpigie mwalimu mkuu laivu, simu iite watu waisikie ikiita, asipopokea sema hajapokea tutajaribu tena. Hiyo kazi mnayoifanya ofisini mlango umefungwa ndo somo lenyewe, ileteni studio! Na redio ya jamii ndo inaweza hili kuliko chombo kikubwa, maana mtangazaji anaishi palepale, shule anazijua kwa majina na akitaka anatembea mpaka getini.

Dhana zingine ninazozisikia, fupi fupi.

"Haya mambo yameletwa na mitandao." Tamko la Grünwald la UNESCO kuhusu elimu ya vyombo vya habari ni la 1982, enzi za televisheni na magazeti. Na huko Kolombia Radio Sutatenza ilianza 1947 ikafundisha wakulima kusoma na kuandika kupitia redio. Redio kufundisha sio fasheni mpya.

"Redio haina picha, mambo ya picha feki hayatuhusu." Picha zinaingia redioni kwa mdomo, mtu anapiga simu anasema nimeiona kwa macho yangu kumbe ameona skrinshoti kwenye grupu. Jifunzeni kutafuta chanzo cha picha kwa Google, haichukui hata dakika mbili.

"Tukikiri kosa letu watatudharau." Hapa nakuwa mkali sana. Kosa la kipindi cha asubuhi lisahihishwe asubuhi, kwenye kipindi kilekile na mtangazaji yuleyule, sio kulinong'ona saa tano usiku watu wamelala. Na useme lilitokeaje, tulimwamini mtu mmoja bila kuuliza wa pili, basi.

"Lengo ni watu wasiamini chochote." Asiyeamini chochote atakataa hata tangazo la mafuriko, hatari ni ileile.

Kwenye simu za wasikilizaji nina swali langu moja na nalilazimisha kwa kila ninayemfundisha: umeona au umeambiwa? Liulizwe kwa heshima na kwa kila mtu, hata kiongozi, ili asijisikie amekomolewa. Mwanzoni watu wanakasirika kidogo, baadae wanazoea. Kituo kimoja kilichoanza kulitumia kila siku, juzi nimemsikia mzee kapiga simu, mtangazaji hajafungua hata mdomo, akasema "mimi hili nimeambiwa tu, jirani ndo kaona, ngoja nimpe simu".