Ufunguo wa sanduku la malalamiko uko kwa nani?

Kila mjadala wa magereza hapa Kampala huishia palepale: tafuteni jaji mstaafu mwadilifu awe mchunguzi huru wa malalamiko ya wafungwa, Bunge limpitishe, kazi imekwisha. Sivyo! Uadilifu hautii mafuta kwenye gari la ukaguzi.

Afrika Kusini ina jaji mkaguzi wa magereza kwa sheria ya mwaka 1998. Hata hivyo, Desemba 2020 Mahakama yao ya Katiba iliamua kwamba ofisi yake haina uhuru wa kutosha, maana fedha zake zilipitia idara ileile anayoikagua. Kwa hiyo kwetu fungu la mchunguzi litoke Bungeni moja kwa moja, lisipitie Wizara ya Mambo ya Ndani. Kumwondoa kuwe kugumu kama kumwondoa jaji wa Mahakama Kuu. Makamishna wa Tume yetu ya Haki za Binadamu wana kinga hiyo tayari. Na msiniambie Tume inatosha: inaweza kuingia magerezani, hata kuamuru mtu aachiliwe, lakini inabeba malalamiko ya nchi nzima.

Sasa sanduku la malalamiko. Likitundikwa uani mbele ya askari, ufunguo ukawa kwa mkuu wa gereza, hilo ni pambo. Asiyejua kuandika atamwendea katikiro, mfungwa mwenzake mwenye cheo, anayewategemea askari haohao. Nani atathubutu? Ufunguo ashike mchunguzi peke yake. Aje bila taarifa, kama Kanuni za Mandela, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 kuhusu wafungwa, zinavyoruhusu, aongee na watu mahali ambapo askari anaona lakini hasikii. Aite hata ishirini, ili aliyelalamika asijulikane. Kisha alinganishe kitabu cha adhabu na cha zahanati: jina lililoadhibiwa Jumatatu likitokea zahanati Jumanne, aanzie hapo.

Linalonisumbua ni nguvu ya maamuzi yake. Mapendekezo matupu huishia kabatini. Akipewa mamlaka ya kuamuru, anageuka mahakama na wakuu watamjibu kupitia mawakili. Naegemea mapendekezo yanayopaswa kujibiwa kwa maandishi ndani ya siku 30, majibu yachapishwe. Sina hakika kama yatatosha.

La kisasi sina shaka nalo. Mfungwa aliyesema akihamishwa kutoka gereza la Luzira hapa Kampala kupelekwa gereza la mbali, karatasi itaandikwa "msongamano", na msongamano upo kweli, ndiyo maana kisingizio hicho hukubalika. Basi kwa siku 90 baada ya mahojiano, asihamishwe bila saini ya mchunguzi.