V35 Custom sio Guzzi kubwa iliyopunguzwa, tuelewane leo

Nishachoka. Kila nikiweka picha ya Moto Guzzi V35 Custom, pikipiki ya Kiitaliano ya cc 350 iliyopo gereji, lazima atokee mtu aandike "hiyo si ni California (ile Guzzi kubwa) imekatwa injini" au "Harley ya watoto wanaojifunza". Jana tena. Natengeneza hizi pikipiki huku Lombardia, kaskazini mwa Italia, ndo kazi inayonilisha, kwahiyo leo naandika mara moja halafu nitakuwa natuma linki tu.

Tuanze na hili la kukatwa injini maana ndo linaniuma zaidi. V35 na V50, ndugu yake wa cc 500, zilionyeshwa pamoja 1976 kwenye maonyesho ya Cologne, Ujerumani, zikaanza kutoka kiwandani mwaka uliofuata. Aliyechora ni mhandisi Lino Tonti, na aliichora injini mpya kabisa, sio ile ya mhandisi Carcano iliyokuwa kwenye V7 ya 1967. Bloku lingine, hedi zingine, uzito mwingine. Kilichobaki cha ukoo ni silinda mbili za V ya nyuzi 90 zilizochomoza pembeni kwenye upepo, klachi kavu, na shafti badala ya cheni. Ukiipaki V35 na V7 hiyo pamoja ukachukua spana utaona wenyewe, karibu hakuna kinachoingiliana.

"Basi imekatwa kutoka kwenye V50." Hapana pia! Angalia namba. V35 silinda ina upana wa milimita 66 na stroki (mwendo wa pistoni) 50.6, inakupa cc 346. V50 ni 74 kwa 57, unapata 490. Mtu anayekata injini ili abane matumizi anaacha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ileile anapunguza silinda na pistoni, basi, kamaliza. Hapa vyote viwili ni tofauti, krenki yake, stroki yake, maana yake kuna mtu alikaa mezani akaichora 350 kama 350. Sasa angalia waliofuata: V65 ni 80 kwa 64, ya 750 ni 80 kwa 74, na V7 inayouzwa leo ya 850 ni 84 kwa 77. Wote hao ni ukoo wa bloku dogo la Tonti, yaani injini hii ndogo aliyoichora. Yaani ukitaka kusema kuna injini iliyochezewa kutoka size yake ya kuzaliwa, basi ni hiyo kubwa ndo imetanuliwa na kutanuliwa tena kwa zaidi ya miaka 40, sio hii ndogo.

Sasa kwanini 350? Kodi. Italia enzi hizo pikipiki ikizidi cc 350 ilikuwa inapigwa VAT ya juu kama kitu cha anasa, miaka ya 80 ikafika asilimia 38, wakati ya 350 kushuka chini inalipa karibu nusu ya hiyo. Nyumbani mnalijua hili vizuri, mtu akiagiza gari Japani swali la kwanza ni cc ngapi, sio kwa sababu anapenda injini ndogo, ni ushuru. Ndo maana kila kiwanda Italia kilikuwa na 350 yake, Morini na 3½, Benelli na ile ya silinda nne, Ducati naye. Wanunuzi walikuwa watu wazima wenye kazi na familia. Kijana wa kujifunza alikuwa na 125, ambayo aliruhusiwa akiwa na miaka 16. Kwahiyo hilo la "pikipiki ya watoto" tuliache. Na kodi hiyo ya juu ilipoondolewa 1993, soko la Ulaya lilipounganishwa, 350 za aina hii zikapoteza sababu ya kuwepo.

Haya, umbo la kastomu. V35 Custom imetoka 1982 pamoja na ndugu zake V50 na V65, hendeli ndefu, siti ya ngazi, tairi nene nyuma. Baadaye 1986 ikaja Florida, na mwanzoni mwa miaka ya 90 Nevada. Watu wanasema wameiga Harley. Mbona Guzzi ilikuwa na njia yake tayari? Mwishoni mwa miaka ya 60 Berliner, waliokuwa wanaagiza Guzzi Marekani, waliisukuma V7 mpaka polisi wa Los Angeles wakainunua, na kutoka kwenye ile ya polisi ikazaliwa California, kioo kikubwa mbele, siti pana, mabegi. Kwahiyo Custom ndogo imefuata mtindo wa nyumbani kwao, mtindo ambao kweli ulipikwa kwa ajili ya Wamarekani, hilo silikatai. Lakini kuiga Harley ni stori nyingine, na anayeisema hajawahi kukaa juu ya zote mbili.

Kuna jambo hata vitabu vya wapenzi wa Guzzi vinalipita haraka na mimi linanisumbua kila nikiijaribu moja barabarani. Stroki fupi namna ile inataka mizunguko. Nguvu yake iko huko juu karibu 8,000 kwa dakika, chini ya hapo inavuta kwa upole tu. Sasa umemkalisha mtu kwa kujiachia, miguu mbele, mikono juu, halafu injini inamwambia vuta, vuta, vuta! Ni ndoa ngumu. Mimi naipenda hivyohivyo, ila siwezi kusema kwa moyo mweupe kwamba mhandisi angechagua injini hii kwa kruza (pikipiki ya kujiachia namna hii) kama mhasibu asingekuwepo. V65 imekaa vizuri zaidi kwenye umbo hilo, na inaniuma kulisema.

Breki unganishi pia, ule mfumo ulioanza 1975 kwenye Guzzi 850 T3, ukikanyaga pedali inashika diski ya nyuma na moja ya mbele, mkono unashika ile nyingine ya mbele. Inasifiwa sana. Kwenye Guzzi nzito nakubali kabisa, kwenye 350 nina shaka, hasa lami ikiwa imelowa.

Mwisho, hedi, na hapa mafundi wenzangu nisikilizeni. Hii ni hedi ya Heron, iko flati chini, valvu zimesimama sambamba, chumba cha mwako kimechimbwa kwenye kichwa cha pistoni. De Tomaso, aliyekuwa ameinunua Guzzi, alitaka injini ya bei rahisi kutengeneza na hii ilikuwa njia mojawapo, hata uzalishaji ukapelekwa kwenye kiwanda chake kingine, Innocenti pale Milano. Morini walishaitumia na hakuna aliyelalamika. Ukifungua ukakuta hedi haina shimo usishtuke na USIIPELEKE KUCHIMBWA, nimeletewa moja imefanyiwa hivyo na haikuwa na dawa. Na wewe unayeniuliza kama ya valvu nne ni bora: zile zilikuwa kwenye Guzzi nyingine, Lario na Imola ya pili, sifa yao mbaya ya kukatika valvu inajulikana, Custom na Florida zilibaki na valvu mbili kwa silinda. Ukiiona inauzwa, vua mifuniko ya valvu, pima nafasi, sikiliza joint ya shafti ukiisukuma pikipiki mbele na nyuma, halafu ndo uongee bei.