Maudhui yanakaa wapi? Maana ya usimamizi wa maudhui kwenye afya ya kidijitali

Mjomba wangu wa Mpwapwa aliniuliza siku moja nafanya kazi gani huku Dodoma mjini. Nikamjibu, "Nasimamia maudhui kwenye kampuni ya afya ya kidijitali." Akanyamaza, akakoroga chai yake, kisha akauliza, "Sasa hayo maudhui yanakaa wapi, mjomba?"

Nilicheka, ila swali lilikuwa zuri kuliko jibu langu.

Neno "maudhui" wengi tuliachana nalo kidato cha nne, kwenye mtihani wa fasihi. Fani na maudhui: namna kinavyosemwa, na kinachosemwa. Ofisini neno limetanuka likabeba vyote viwili. Kampuni ya afya ya kidijitali ni ile inayomfikia mgonjwa kwa simu, iwe kuongea na daktari, kuweka miadi au kukumbushwa dawa. Maudhui yake ni chochote ambacho mtu huyo anakisoma, anakisikia au anakitazama: SMS ya siku ya kliniki, makala kuhusu kisukari, sauti ya dakika mbili ya namna ya kuchanganya pakiti ya ORS, ile ya anayeharisha, kwenye lita moja ya maji, neno lililo kwenye kitufe, hata ile sentensi inayotokea mtandao ukikatika. Kuyasimamia ni kujua kila sentensi iko wapi, nani aliiandika, daktari gani aliipitisha, na lini inatakiwa iangaliwe tena. Kuandika kwenyewe kumo, ila kuna wiki nzima inapita sijaandika aya moja.

Kwa Tanzania si kazi ngeni. Huduma ya Wazazi Nipendeni ilianza 2012; mjamzito alituma neno "mtoto" kwenda 15001, akaanza kupokea SMS za bure zinazoendana na umri wa mimba yake. Nyuma ya kila ujumbe wa namna hiyo kuna mtu aliyeamua wiki ya 20 isomwe nini na wiki ya 36 isomwe nini.

Chukua jambo dogo kama saa. Kampuni moja niliyowahi kuifanyia kazi ilinunua mfumo wa kutuma vikumbusho. Mfumo huo unahesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo miadi ya saa 2 asubuhi umeihifadhi kama 08:00. Kiolezo, yaani ujumbe wa mfano wenye nafasi za kujaza, kikatafsiriwa Kiswahili, nafasi ya saa ikaachwa ijazwe na mashine. Ujumbe ukatoka: "Mama, kesho njoo kliniki saa 8 asubuhi." Saa nane asubuhi haipo. Wengi walihisi kuna kitu hakiko sawa, wakaja mapema kama walivyozoea. Mama mmoja wa upande wa Chamwino aliona kilichokosewa ni hiyo "asubuhi", akafika saa nane mchana, mtoto mgongoni, manesi wameshamaliza kupima uzito na wanafunga madaftari. Ujumbe ule niliupitia mimi mwenyewe kabla haujatoka. Maneno niliyasoma yote. Tarakimu sikuiona kwa sababu kwenye kiolezo palikuwa na mabano matupu.

Kwenye dawa jambo hilo hilo linakuwa zito zaidi. Dawa mseto ya malaria, ALu, mtu mzima humeza vidonge 4 kwa dozi, mara mbili kwa siku, siku 3, jumla vidonge 24. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza. Isome tena sentensi hiyo kama mtu mwenye homa aliyekaa kitandani: "saa 8 baada". Ni saa nane mchana, au ni muda wa kuhesabu? Aliyemeza ya kwanza saa 2 asubuhi anatakiwa kumeza ya pili saa 10 jioni. Walimu wangu wa Kiswahili wasinisikie, lakini hapa ninaandika "masaa 8". Najua si sanifu. Mtaani "masaa" ni muda na "saa" ni ya ukutani, na mgonjwa anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa. Pakiwa na nafasi ninaandika kabisa: "Ukimeza saa 2 asubuhi, meza tena saa 10 jioni."

Tafsiri za haraka huleta pia "chukua kidonge kimoja mara tatu kila siku". Dawa mtu huichukua dirishani. Akifika nyumbani anaimeza. Na dirishani penyewe mfamasia ameshaandika 1x3 kwenye pakiti na kusema "kutwa mara tatu". Kuna haja gani ya simu kuja na lugha yake nyingine?

Hapo ndipo inapoanza kazi ya kuvutana na daktari. Wetu anataka "shinikizo la juu la damu". Sokoni Majengo watu wanasema presha. Hapo nilishinda mimi. Kwenye "homa" nilishindwa, na kwa haki. Kwake homa ni joto la mwili kupanda. Kwa mtu wa kawaida homa inaweza kuwa mafua, uchovu, au ugonjwa wowote uliomlaza. Ukimuuliza kwenye simu "una homa?" akajibu ndiyo, hujajua kitu. Sasa tunauliza kama mwili una moto. Maneno yanayokubaliwa namna hii tunayaweka kwenye orodha moja, ili anayeandika SMS na anayerekodi sauti wasitofautiane.

Sehemu ya kazi ambayo watu hawaioni kabisa ni ya ghala. Habari ya afya inaharibika hata kama hakuna aliyeigusa. Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa nchi nzima 2018 kwa dozi mbili. Mwaka 2024 Tanzania ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Sentensi "hakikisha binti yako anapata dozi ya pili" jana ilikuwa sahihi, leo inamsumbua mzazi bure. Swali linakuwa: sentensi hiyo iko wapi? Iko kwenye makala, kwenye SMS mbili, kwenye sauti iliyorekodiwa, kwenye majibu ya wahudumu wa simu, na kwenye picha aliyoitengeneza kijana aliyeshaacha kazi. Bila daftari la ghala utairekebisha sehemu tatu, za nne na tano zitaendelea kusema dozi mbili.

Kwa sababu hiyo kampuni hutumia mfumo wa kusimamia maudhui. Ni programu inayotunza maneno pembeni ya programu ya simu yenyewe. Sentensi inaandikwa mara moja, inaitwa kila inapohitajika. Ukiibadilisha ghalani, imebadilika kote. Ina jina la mwenye nayo, tarehe ya kupitiwa na matoleo yake ya nyuma. Picha na sauti haziendi kirahisi hivyo, hizo bado tunazisaka kwa mkono.

SMS ina vituko vyake. Ujumbe mmoja ni herufi 160, na Kiswahili kinapenda maneno marefu. Ila adui yetu mkubwa hapa Dodoma ni jina la mtaa, Chang'ombe. Ukiandika jina hilo kwenye programu ya kuchapia, ile alama ya ng' hujikunja yenyewe kuwa koma ya juu ya mapambo. Alama hiyo haimo kwenye herufi za kawaida za SMS, kwa hiyo ujumbe wote unahamia mfumo mwingine ambao kikomo chake ni herufi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa mmoja unakuwa jumbe tatu, na bili inakuwa mara tatu. Mhasibu alidhani tumeongeza wateja.

Sheria nazo zimo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile nyeti. Kwa mtu wa maudhui hilo linashuka hadi kwenye sentensi: simu ya nyumbani hushikwa na watu wanne, kwa hiyo kikumbusho cha mtu anayetumia ARV kinasema "Kumbuka miadi yako Jumanne", basi, dawa haitajwi. Na makala ya ushauri ikianza kusifia dawa fulani kwa jina la biashara, imeshakuwa tangazo, na tangazo la dawa linapita kwanza TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Neno ninalolionea wivu ni "sumukuvu". Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufa hapa mkoani Dodoma na jirani zetu Manyara kwa kula mahindi yenye aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu. Ukimwambia bibi wa Chemba "aflatoksini" umempa jina la mtu asiyemjua. Ukimwambia sumukuvu, anageuka kuangalia gunia. Si kazi yangu ile, natamani ingekuwa.

Mjomba nilimjibu kwamba maudhui yanakaa kwenye kompyuta. Lilikuwa jibu la uvivu, kwa sababu SMS ikishatoka hatuna tena namna ya kuivuta. Baada ya lile kosa la saa 8 tulituma ujumbe wa kusahihisha. Yule mama wa Chamwino akabaki na jumbe mbili, akampigia nesi kuuliza afuate upi. Nesi akamwambia afuate wa mwisho. Kwenye kitochi chake ujumbe mpya hukaa juu. Wa mwisho, kule chini kabisa, ni ule wa saa 8. Siku hizi kila ujumbe wetu wa masahihisho unaanza na tarehe.