Mzazi, "mimi sijui piano" sio sababu

Ndugu wazazi, sa hivi ndo kipindi cha kujiandikisha mitihani ya piano na simu zinaingia ofisini kutwa nzima, nyingi lalamiko ni lilelile, mtoto anakuja darasani mwaka mzima, ada nalipa, mbona haendi mbele? Uchungu wa ada tunauelewa. Ila sisi tunakaa nae nusu saa kwa wiki, siku 6 zilizobaki yuko kwako, na vidole vinazoea kwenye hizo siku 6.

Tukisema hivyo tunajibiwa "mwalimu mi sijui hata noti moja, ntamsaidiaje?" Jamani, hakuna aliyekuomba ufundishe! Kaa karibu yake, fungua daftari uone mwalimu kaandika nini, mwambie akuchezee, msikilize dakika 15 simu ukiwa umeiweka pembeni. Shinichi Suzuki, mwalimu wa muziki wa Japani, alitaka mzazi aingie darasani pamoja na mtoto, kwa sababu aliona mtoto anaweza kujifunza muziki kama anavyojifunza lugha ya mama, kwa kuusikia nyumbani kila siku.

Halafu kuna wanaozidisha. Unasimama nyuma ya kiti, noti moja ikiteleza "rudia!", mwishowe mtoto anacheza huku anakuchungulia usoni badala ya kusikiliza anachopiga. Mwache amalize, kusahihisha ni kazi yetu.

Lingine ni skeli, yaani noti zinazopigwa kwa mfuatano, kupanda na kushuka. Wazazi wengi wakisikia mtoto anapanda na kushuka na skeli wanamwambia acha kelele, cheza wimbo. Tafadhali msifanye hivi. Kwenye mtihani wa ana kwa ana wa ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, jumla ni alama 150 na kufaulu ni 100. Nyimbo ziko 3, kila moja alama 30, kwa hiyo hata mtoto akizoa zote 90 bado hajafaulu. Skeli na arpejio (noti za kodi zikipigwa moja moja) ni 21, kusoma noti papo kwa papo 21, mazoezi ya sikio 18, na humo ndimo wanamoangukia watoto ambao nyumbani wanaombwa nyimbo tu kila wageni wakija.

Kuhusu taratibu, jina liandikwe vile unavyotaka litokee kwenye cheti, likague kabla fomu haijatumwa. Dirisha la kujiandikisha likifungwa limefungwa, na ukijitoa baada ya hapo usitegemee kurudishiwa ada. Gredi ya 6 haiandikishwi kabla mtoto hajafaulu mtihani wa nadharia ya muziki wa gredi ya 5 au mtihani mbadala unaokubalika, hapa hatuna ruhusa ya kumpitisha mtu, hata uje na nani. Siku ya mtihani mzazi anasubiri nje.

Kwa masomo ya kawaida mlango uko wazi, njoo dakika 5 za mwisho, mwalimu akuonyeshe wiki hii usikilize nini.