Gari kubonyea siyo ubovu

Juzi mzee mmoja kaleta gari yake gereji, ya miaka ya tisini hivi, akaipiga boneti ngumi akaniambia fundi, hiki ndo chuma, hizi za siku hizi ukiegemea tu inabonyea. Nimenyoosha bodi miaka mingi na haya maneno nayasikia kila wiki, na yananiuma kwa sababu watu wanapakia watoto wakiamini hivyo.

Iko hivi. Gari ikigonga, nguvu ya ule mwendo lazima iishie mahali. Gari ya sasa mbele imetengenezwa ijikunje makusudi, kule kujikunja ndo kunakula nguvu, alafu kabini mnapokaa ndo pamewekwa chuma kigumu kabisa pasibonyee. Siyo ujanja wa jana, Mercedes walishaweka hiyo kitu kwenye gari zao tangu 1959. Ya zamani kabini haikuwekewa uimara huo, nguvu inapita moja kwa moja hadi kwa dereva, nguzo ya mlango inakatika, dashibodi inarudi nyuma, usukani unamfuata mtu kifuani.

ANCAP wa Australia, wale wanaopima usalama wa magari, walishazigonganisha Corolla mbili, ya 1998 na ya 2015, uso kwa uso, kilomita 64 kwa saa. Corolla ya 98, hiyo hiyo tunayoijua, imejaa barabarani kwetu! Ilipata alama 0.40 kati ya 16, mpya ikapata 12.93. Jina lilelile, kampuni ileile.

Ila na wewe mwenye gari ya juzijuzi usitulie kwanza, maana nyingi zinaingia mkononi mwako zimeshagongwa na eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumka kumkinga mtu gari ikigonga, zimeshafyatuka. Weka swichi on bila kupiga stata, taa ya eabegi iwake sekunde chache izime. Isipowaka kabisa jua kuna mtu kaichomoa hiyo taa au kaiziba. Na hata ikiwaka ikazima vizuri bado mpe fundi anayejua afungue aangalie, mana mwezi uliopita nimefungua usukani wa dada mmoja, taa yake ilikuwa haina shida yoyote, ndani hamna eabegi, kifuniko kimegandishwa na gundi, na kwenye waya za njano za eabegi kuna kirezista, kifaa cha umeme kidogo kama punje ya mchele, kinaidanganya kompyuta ya gari kwamba eabegi ipo. Ameendesha hivyo miaka miwili, mtoto siti ya mbele.