Wadudu wa Nairobi: kutoka droo za makumbusho hadi vyumba vya kufugia

Chama cha wapenda viumbe kilichoanzishwa mwaka 1909 ndicho kilichozaa makumbusho ya taifa. Kwa miongo mingi, mtaalamu wa wadudu Nairobi alikuwa mtu wa sindano na droo. Kazi hiyo naiheshimu sana. Mbawakawa huchomwa sindano kwenye bawa gumu la kulia, upande wa kushoto ubaki mzima. Lebo hubeba mahali, mwinuko, tarehe na jina la aliyemkamata. Asipokuwa nayo, mdudu ni pambo tu. Ukiona unga wa kahawia chini yake, mabuu walaji wa mizoga wamekwisha kuingia. Funga droo ndani ya plastiki, igandishe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri wiki moja au mbili, kisha usifungue plastiki kabla droo haijapata joto la chumba, la sivyo unyevu utaleta ukungu.

Mwaka 1970 mwanasayansi wa wadudu Thomas Odhiambo alianzisha icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kwanza Chiromo, Nairobi. Leo makao yake, Duduville, yako Kasarani. Hapo mdudu alianza kuchunguzwa akiwa hai, na kwa maoni yangu ndipo jamii ya wanasayansi ilipozaliwa hasa. Vipepeo mtu mmoja aliweza kuwakusanya wikendi. Mbung'o, nzi mnyonya damu anayeeneza malale, mtu mmoja hawezi kumfuga. Jike huzaa buu mmoja tu kila siku 9 au 10, na pupa (hatua ya kati ya buu na nzi kamili) hukaa kama mwezi kwenye joto la nyuzi 25 hivi. Damu anayolishwa ikiwa mbaya, mimba huharibika. Hewa ikikauka, pupa hukauka nayo. Nzi wa nyumbani angefidia hasara hiyo kwa mamia ya mayai, mbung'o hafidii. Kwa hiyo pakahitajika mlishaji, mkemia, fundi wa umeme na mwanafiziolojia chini ya paa moja.

Mwaka 1983 ukaanza mpango wa uzamivu wa icipe na vyuo vikuu vya Afrika: utafiti hufanyiwa icipe, shahada hutolewa na chuo.

Mitego ya mbung'o ilitengenezwa pamoja na wafugaji wa Nguruman, kusini mwa Kenya. Kitambaa cha buluu humvuta mbung'o kutoka mbali, cheusi humfanya atue. Mkojo wa ng'ombe uliokaa pamoja na asetoni huongeza idadi ya wanaonaswa. Buluu ikipauka kwa jua, badilisha kitambaa. Nyasi nazo zifyekwe kuzunguka mtego, maana zikiuficha, mbung'o atapita bila kuuona.